Mkutano Uliohamia Chumba cha Upasuaji

Chama cha madaktari wa upasuaji wa moyo na kifua kilikuwa na wanachama wachache mno wakati huo. Wote wangetosha kwenye meza moja ya chakula. Mimi sikuwa mmoja wao. Nilikuwa daktari wa upasuaji wa kawaida katika hospitali moja ya Dodoma, mwanamke pekee katika idara. Nilitoa vidole tumbo, niliunga mifupa, nilishona matumbo yaliyotoboka. Moyo niliujua kwa kuusikiliza tu.

Zilikuwa siku za kufunguliwa kwa kila kitu. Maduka yaliyozoea rafu tupu yalijaa sabuni na redio, mitumba ilitundikwa hadi barabarani, wagonjwa walianza kuchangia matibabu, na madaktari waliruhusiwa tena kufungua zahanati zao wenyewe. Wenzetu wengi waliondoka. Wengine walifungua kliniki mjini, wengine walikwenda Botswana. Siwalaumu. Lakini kila aliyeondoka alituachia wodi iliyojaa.

Katika wodi yangu alilazwa mama mmoja wa Kibakwe, mkulima wa vitunguu, mdogo kwangu kidogo. Tumbo lake lilikuwa limevimba muda mrefu hata majirani walimuuliza lini angejifungua, kisha wakaacha kuuliza na kuanza kunong'ona. Miguu ilijaa maji, mishipa ya shingo ilisimama kama kamba. Alishaugua kifua kikuu, akatibiwa Mpwapwa hadi akapona kikohozi. Ila ugonjwa ulikuwa umeacha kovu mahali pabaya: ule utando unaofunika moyo ulikuwa umekakamaa. Kwenye picha ya eksirei ulionekana kama ganda la yai. Moyo wake ulikuwa mzima, ila haukuwa na nafasi ya kutanuka.

Nilimweleza kwamba ganda hilo huondolewa kwa upasuaji, na kwamba wataalamu wako Dar es Salaam. Alinisikiliza akitazama mikono yake, halafu akanieleza habari za dada yake. Naye alipewa rufaa, akasafiri, akafia huko, akazikwa huko huko. Watoto wake hawajaliona kaburi.

"Dada daktari," aliniambia, "mimi siendi. Kama ni kufa, nife watoto wangu wananiona."

Mumewe alikuwa amesimama upande wa pili wa kitanda. Hakumpinga.

Kesho yake nilikwenda posta kumpigia simu mwenyekiti wa chama, mzee aliyenifundisha chuoni. Nilitaka ushauri tu, dawa gani zingemsogeza yule mama mbele kidogo. Alinijibu vizuri, lakini sauti yake ilikuwa imechoka. Akaniambia kwamba mkutano wao wa mwaka ulikuwa unakaribia na ajenda ilikuwa moja, kukivunja chama. Hawakuwa na ofisi, waliobaki hawakuwa wakionana, na hakuona sababu ya kuendelea kuita kundi dogo namna ile chama.

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilimwambia kama ni kukivunja, wanaweza kukivunjia Dodoma vilevile. Ukumbi upo. Na mgonjwa yupo.

Mzee akauliza, "Mtaalamu wa usingizi mnaye?"

"Tunaye, mwalimu. Mzuri."

"Basi mnyweshe dawa za kukojoa, maji yapungue, na usimruhusu kuondoka."

Walikuja kwa basi, wamejaa vumbi, wamebeba sanduku la vifaa vyao. Hawakufika hata nusu yao. Mwenyekiti alipitia wodini kabla ya kunawa uso. Alimsalimia yule mama kwa Kigogo kibovu alichojifunza njiani, na mama akacheka, mara ya kwanza nimwone akicheka. Mzee alikaa ukingoni mwa kitanda, akamweleza bila kuficha kwamba anaweza kufa mezani, lakini asipopasuliwa atakufa kwa hakika. Mama alimtazama mumewe, kisha akaniuliza mimi kama nitakuwamo chumbani. Nikamwambia nitakuwamo.

"Haya," akasema.

Damu ndiyo iliyotutia wasiwasi, kwa kuwa benki yetu ilikuwa karibu tupu. Mume alirudi Kibakwe, na kesho yake asubuhi aliingia getini na lori la vitunguu lililobeba ndugu na majirani, baadhi yao walewale walionong'ona. Walijipanga kutolewa damu bila maneno mengi. Madaktari wawili wa chama nao walikunja mikono ya mashati wakaingia kwenye foleni.

Tulimpasua kupitia kati ya mbavu, upande wa kushoto. Nilikuwa msaidizi, kazi yangu ilikuwa kushika na kunyonya damu. Nilipouona ule moyo nilishtuka: haukudunda, ulikuwa unatetemeka tu ndani ya gamba gumu jeupe. Mzee alianza kulibandua kidogo kidogo, kwa subira ya mtu anayemenya tunda asilotaka kulijeruhi. Kila kipande kilipotoka, moyo ulitanuka zaidi.

Kisha gamba lilichanika pamoja na ukuta wa moyo, na damu ikaruka. Mzee aliweka kidole juu ya tundu, ikasimama. Bingwa mwingine wa chama, aliyesimama upande wa pili wa meza, hakuweza kulifikia tundu. Mzee akaniangalia mimi.

"Shona," akasema. "Kidole changu kina kazi."

Nilimwambia sijawahi kushona moyo.

"Umeshona utumbo. Huu unatembea tu. Usiufukuze, usubiri ukujie."

Nilisubiri. Moyo ulipopanda nilipitisha sindano, uliposhuka nikatulia, ulipopanda tena nikaitoa. Nilipokaza fundo la mwisho mzee aliinua kidole polepole. Hakukuwa na damu. Mtaalamu wa usingizi akasema presha inapanda, na sauti yake ilikuwa na furaha ambayo hakuweza kuificha. Moyo sasa ulikuwa unadunda, mkubwa na mwekundu, nami machozi yalikuwa yananilowesha barakoa.

Mkutano ulifanyika siku iliyofuata, siyo ukumbini bali kwenye chumba cha wauguzi, kwa sababu hakuna aliyetaka kukaa mbali na mgonjwa. Niliruhusiwa kusikiliza. Mwenyekiti aliisoma ajenda yake, akauliza nani anaunga mkono. Watu walitazama vikombe vyao vya chai. Bingwa mmoja, aliyekuwa tayari na kliniki yake mjini na ambaye nilidhani angekuwa wa kwanza kuinua mkono, alisema kwamba tangu afungue kliniki hajafanya kazi na mwenzake hata mara moja, na kwamba jana alikumbuka kwa nini alisomea fani hii. Akapendekeza mkutano wa kila mwaka ufanyike mkoa tofauti, na asubuhi ya kwanza iwe ya kupasua wagonjwa wa huko. Wakakubaliana. Mzee akaongeza kwamba madaktari wa upasuaji wa mikoani wapokelewe kama wanachama washiriki. Ndivyo nilivyoingia.

Yule mama alikojoa maji mengi wiki ile hata wauguzi wakamtania kwamba atajaza bwawa la Hombolo. Tumbo likashuka, miguu ikarudi miguu. Aliondoka akitembea mwenyewe, na baada ya mavuno alikuja kliniki na watoto wake wawili, akawaambia waniamkie. Waliniamkia wakinitazama kwa mashaka, maana niliweka kifaa cha kusikilizia moyo kifuani mwa mama yao na nikasikiliza muda mrefu.

Mwaka uliofuata chama kilikutana mkoa mwingine. Walikuja wengi zaidi, wakiwemo vijana waliokuwa bado masomoni, na mmoja wao aliniuliza kama ni kweli moyo unaweza kushonwa huku unadunda. Nikamwambia anawe mikono, tuingie ndani.