Miaka yote nimeubebea mtaa spika, siku nikavaa suti nikaketi kochi la mgeni rasmi

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa Bongo na mlioko majuu.

Leo nimefunga duka mapema, kahawa ninayo mkononi, na nina kisa. Wale wa kudakia "hii chai" naomba mvumilie mpaka mwisho. Siyo chai. Yamenikuta mimi mwenyewe, Kariakoo, mchana kweupe, mbele ya kadamnasi.

Kwanza mnijue.

Mimi nauza vyombo vya sauti: spika, amplifaya, maiki na waya zake. Duka sikurithi wala sikupewa na mjomba. Nilizamia Sauzi nikiwa kijana sina hata begi. Nikaosha magari Durban, jioni nikaingia darasani, nikapata Diploma ya elektroniki.

Siyo cheti cha semina, wakuu. Diploma. Ipo dukani ndani ya fremu. Mteja akianza kubishana na mimi habari za wati, namwonyesha tu kwa kidole.

Nikarudi na kontena langu mwenyewe.

Sasa kichwani nilikuwa na picha kwamba nikifika mtaani watu watatoka kunilaki. Nimezaliwa hapa hapa Kariakoo. Mama yangu alikuwa anakaanga mihogo kona ya mtaa wetu, watu walikuwa wanatoka mpaka mtaa wa Gerezani kuifuata.

Nafika, nyumba tuliyokulia imekuwa ghorofa. Kona ya mama pana duka la mapazia. Nimesimama pale nashangaa, jamaa mmoja muuza viatu akanisogelea.

"Mgeni, unatafuta nani?"

Mgeni! Mimi!

Huyo jamaa anaitwa Shomari, na leo hii ni rafiki yangu mkubwa. Lakini jina alilonipa siku ile likaganda. Mtaa mzima nikawa Mgeni. Mgeni vipi, Mgeni mambo, mpelekee Mgeni chenji yake. Nilikuwa nacheka, ila rohoni lilinichoma.

Muda si mrefu ukatokea msiba jirani. Watu wamejaa, msemaji wa familia anaongea, waliokaa nyuma hawasikii kitu. Nikatoka dukani na spika mbili na maiki, nikafunga, sauti ikatulia. Sikudai hata nauli ya mkokoteni.

Hapo ndipo nilipojiponza.

Kamati ya mazishi wakanizoea. Ikaja jogging ya akina Shomari, Jumamosi alfajiri wanataka muziki wa kukimbilia. Ikaja Maulidi. Ikaja kwaya ya kanisani. Ikaja chekechea ya kikundi cha akina mama. Nimewafungia wote, miaka nenda miaka rudi, bure. Waislamu wananiombea, Wakristo wananiombea, kwa hiyo upande wa dua mimi nimejaa mpaka juu.

Na sifanyi kazi ya kulipua. Mkisikia sauti Kariakoo imetoka safi, haikwaruzi, haipigi mluzi, ulizeni aliyefunga ni nani.

Lakini wakuu, mimi ni binadamu.

Kila shughuli ya mtaa ina mgeni rasmi. Mnajua utaratibu. Kochi lake katikati ya meza kuu, kitambaa cheupe, maji ya chupa, anapigiwa makofi hata kabla hajasema kitu. Mwaka huu mheshimiwa, mwaka ujao mwenye kampuni Posta, wengine hata jina la mtaa wanakosea. Na mimi ndiye ninayewapa maiki.

Hotuba yangu mimi kwa miaka yote hiyo ilikuwa moja tu: "Alo, alo. Moja, mbili, testi." Halafu nashuka.

Dada yangu mkubwa, Rehema, anayekaa Mbagala, hakuniacha. "Unawabebea spika watu wanaokuita mgeni," ananiambia. "Siku ukianguka na hayo maspika yako watauliza, huyu maiti wa nani?"

Nikamwambia, "Dada, mgeni nimeshakuwa tayari. Kilichobaki ni urasmi tu. Utakuja."

Basi mwaka huu, kabla ya mahafali ya chekechea, akaja dukani Bi Mwanaidi. Huyu ndiye mwenyekiti wa akina mama wanaoendesha ile chekechea, mama wa makamo ya mama yangu.

"Shikamoo, Bi Mwanaidi."

"Marahaba, mwanangu. Sikia. Safari hii spika zako tutazichukua, ila atafunga fundi mwingine. Wewe usiguse waya. Njoo na suti. Utakaa meza kuu."

Wakuu, meza kuu!

Sikumwuliza zaidi. Mtu mwenye Diploma haulizi swali ambalo jibu analo.

Nikashona suti ya bluu iliyoiva. Nikaandika hotuba inayoanza, "Nimefarijika sana kualikwa." Nikawaalika wateja wangu wa Upanga na wengine wa Posta, watu wanaoniheshimu. Nikampigia dada Rehema: njoo uone mwenyewe kama mtaa haunijui.

Kwa hiyo muelewe nilichokuwa nimeweka mezani siku ile. Ilikuwa ama dada anyamaze moja kwa moja, ama asinyamaze tena maisha yangu yote.

Siku ikafika. Turubai limefungwa uwanjani kwao, watoto wamevaa majoho, kofia za pembe nne za maboksi zinawaangukia machoni. Wateja wangu wapo. Dada Rehema yupo mstari wa mbele, kajitanda mtandio mpya, anakunywa soda.

Nikapita katikati taratibu, huku napunga mkono. Nikafika meza kuu, nikaketi kochi la katikati. Nikafungua na maji.

Shomari ndiye alikuwa MC. Akaja haraka, akainama, maiki anayo mkononi.

"Mgeni, sogea kochi la pembeni. Hilo la mgeni rasmi."

Nikamjibu kwa kujiamini kabisa, "Mgeni rasmi si ndiyo mimi?"

Wakuu.

Maiki ilikuwa inawaka.

Na spika ni zangu. Mnajua ubora wake, nimeshawaambia. Hazikuacha hata herufi moja. *Mgeni rasmi si ndiyo mimi?* ilienda mpaka kwa wauza vitambaa mtaa wa pili.

"Nani kakwambia?" akasema Shomari, na hiyo nayo ikaenda.

Uwanja ulilipuka kwa vicheko. Watoto hawajui kinachochekesha, nao wanacheka. Mteja wangu mmoja wa Upanga ghafla akawa bize na simu yake. Dada Rehema akajifunika mtandio uso mzima, nikaona mabega tu yanatikisika. Mpaka leo anasema alikuwa analia. Muongo.

Nikasimama. Nilikuwa nahesabu njia ya kutokea.

Bi Mwanaidi akamnyang'anya Shomari maiki.

"Tulieni! Hee, tulieni nyie. Huyu kwa nini hajawahi kuwa mgeni rasmi? Kila mwaka nyie vijana mnaniletea jina lake, na kila mwaka mimi nakataa. Leo nawaambia sababu."

Akaninyooshea kidole.

"Huyu mtoto wa Mama Mihogo. Wazee mnamkumbuka Mama Mihogo? Mwanawe ndiye huyu. Nimembeba mgongoni mimi huyu, kaniharibia khanga zangu. Nitamweka mgeni kwa lipi, kwao hapa? Shomari, wewe ndiye uliyekuja juzi kutoka Lindi ukamwita mwenye mtaa mgeni!"

Wazee waliokaa nyuma wakaanza, "Aaah, yule wa mihogo! Kumbe ndiye huyu!" Shomari kajishika kichwa.

"Leo huyu ni mwenyeji rasmi," akamalizia Bi Mwanaidi. "Ndiyo maana nikasema avae suti. Haya baba, mgeni wako huyo anashuka getini, kampokee."

Kweli, getini bajaji imesimama, anashuka mama mmoja muuguzi mstaafu. Ndiye aliyekuwa mgeni rasmi. Nikaenda na suti yangu ya bluu, nikampa mkono, nikamwambia karibu nyumbani. Nikatoa leso nikajifuta uso. Vumbi, wakuu, Kariakoo ina vumbi.

Nikampeleka mpaka kwenye kochi lake. Shomari akanikabidhi maiki: "Mwenyeji wetu rasmi, neno la ukaribisho."

Nikatoa hotuba mfukoni. *Nimefarijika sana kualikwa.* Haifai tena hata mstari mmoja. Watu wote wananitazama, nami mkono wenyewe ukaigonga maiki kwa kidole.

"Alo, alo," nikasema. "Moja, mbili..."

Uwanja mzima ukaitikia, "TESTIII!"

Sijawahi kuona mgeni rasmi akipigiwa makofi yale. Nasema bila kujivuna, ingawa sababu za kujivuna ninazo.

Wakati wa pilau, nimeketi na wateja wangu nawaelezea jinsi sauti ilivyokuwa inatoka, dada Rehema akapita na sahani.

"Mwenyeji gani huyu? Wageni mikono mikavu, yeye anapiga soga. Lete maji ya kunawa!"

Nikavua koti, nikabeba ndoo. Suti imenikaa vizuri hata bila koti.

Nilichojifunza: ukirudi kutoka majuu, usikae dukani unangoja mtaa ukutambue. Shika kazi mojawapo ya mtaa, ifanye vizuri, urudi tena Jumamosi inayofuata. Na ukiambiwa njoo na suti, uliza ya nini.

Juzi kuna jamaa wa rika langu, karudi kutoka Uarabuni, alikuwa kasimama kwenye ile kona anakodolea ghorofa kama nilivyosimama mimi. Nikamsikia Shomari akimwambia, "Kaka, mimi si wa hapa. Muulize mwenyeji pale."

Akaja dukani. Nikamuuliza alikuwa anakaa nyumba ipi, akanitajia. Nikamvutia kiti.

"Karibu nyumbani," nikamwambia. "Mgongo mzima? Jumamosi kuna spika za kubeba."

Haya wakuu, uwanja wenu. Nani mwingine amewahi kuitwa mgeni kwao? Na wewe wa "chai", sema sasa, maiki inawaka.