Mizimu Haipigi Kura

Wanasiasa walikuwa wakija kwangu saa saba mchana, na wote walikuja na uongo mmoja: ati wanatafuta chumba cha kupanga. Wakati huo nilikuwa nakaa Migosi, mjini Kisumu, katika ploti ya vyumba sita vilivyotazamana, na changu kilikuwa cha mwisho karibu na bomba la maji. Mtu na suti yake na viatu vyake vinavyong'aa alikuwa akimuuliza jirani yangu wa mlangoni kama kuna chumba kilicho wazi. Jirani alinyoosha kidole chenye povu la sabuni kuelekea mlango wangu, akaendelea kufua. Mtaa mzima ulijua kwamba kampeni zikianza, mwenye tai anayetafuta chumba Migosi anamtafuta marehemu baba yake.

Mimi ni mtu ambaye wafu huzungumza kupitia kwake. Kwa Kijaluo wananiita ajuoga, kanisani wananiita shetani, na hao wa kanisani ndio wanaobisha hodi mapema kuliko wengine. Kwangu ni kazi tu, kama ya fundi cherehani. Wafu huja kwangu kweli, lakini si kila siku. Inaweza kupita miezi wasije, na wakija sihitaji kutupa kauri wala kutikisa kibuyu. Siku nyingine zote nilikula kwa masikio yangu. Mteja huja na jibu lake, limo ndani ya swali lake. Mwache aseme, usimkatize, angalia mikono yake, na utajua baiskeli yake imechukuliwa na nani na mke wake amenuna kwa nini. Nilikuwa hodari wa kusikiliza. Nasema hivyo mapema ili mjue ni kitu gani nilikiharibu.

Miaka yote niliyofanya kazi hii sijamsikia mfu hata mmoja akiuliza mbunge ni nani. Wafu wanauliza kama ng'ombe alizaa. Wanauliza nani anavaa koti lao, na kwa nini kaburi limeachwa majani yakaota mpaka kuku wanatagia humo. Kuna bibi mmoja alikuja mara tatu kwa sababu ya sufuria. Lakini nenda ukamwambie Mheshimiwa hivyo uone kama atakuelewa. Mheshimiwa alidhani ahera ni ofisi ya chama.

Huyo Mheshimiwa alikuwa mbunge wa upande wa ziwa. Alipofika kwangu alifuta kiti kwa kitambaa kabla ya kukalia, halafu akaangalia dari langu kama mtu anayeogopa litamwangukia, na dari lenyewe lilikuwa zima kuliko barabara zake. Alitaka baba yake amfunge mpinzani wake mdomo. Baba mwenyewe nilimjua kwa sifa: alikufa kwa baridi kwenye nyumba inayovuja, mtoto akiwa Bungeni tayari. Nikapandisha sauti ya kizee nikamwambia amebarikiwa, kiti ni chake. Akalia. Jitu zima, limekula hela za lami kutoka barabarani hadi ziwani, linadondosha machozi kwenye mkeka wangu. Nilitazama ukutani ili nisicheke.

Wiki iliyofuata akaja mpinzani, mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa heshima, anayevua kofia mlangoni. Nilimtarajia awe na akili kidogo. Kumbe ombi lilikuwa lilelile, ila yeye aliliomba kwa Kiswahili sanifu. Naye nikamwambia kiti ni chake. Mlitaka nimwambie nini? Aliyeweka chake kwenye mkeka alipata ushindi, kama vile anayenunua mandazi anavyopata mandazi.

Na wapiga kura niliwadharau vilevile, nisijifanye. Niliwaona wakikimbilia gari la Mheshimiwa kwa kilo moja ya mchele wa Ahero, wanakanyagana, wengine wamebeba watoto mgongoni, na jioni wakija kwangu kuuliza kwa nini maisha ni magumu. Nikawaambia ni jicho la jirani. Waliridhika.

Mwaka ule ulikuwa wa mlolongo. Vijana hawakuuona, kwa hiyo nieleze. Chama kilikuwa kimoja, na siku ya kumteua mgombea hakukuwa na karatasi wala sanduku. Watu walitoka na kadi zao za chama, wakapanga foleni uwanjani nyuma ya mtu wao au nyuma ya mwenye picha yake, kisha karani akapita akihesabu vichwa. Kila mtu alimwona kila mtu. Shemeji yako alikuona, mkwe wako alikuona, na chifu alikuona vizuri zaidi.

Ndipo mambo yakamfikia mdogo wangu. Yeye alikuwa ameolewa upande wa Asembo Bay, na mume wake alipofariki alimwachia watoto wanne na kibanda kimoja cha kukaangia mbuta. Kibanda kilikuwa cha mabati makuukuu, lakini kilikaa pale pale boti zilipotua. Samaki alitoka majini akaingia kwenye karai lake kabla mwanamke mwingine hajajua kuna samaki. Kwa kibanda hicho binti yake mkubwa alikuwa amefika kidato cha tatu. Ndani ya ukoo wetu hakuna msichana aliyewahi kufika huko, mimi mwenyewe niliachia darasa la nne. Sasa chifu akawa amepita ufuoni akisema vibanda vitagawanywa upya baada ya uchaguzi, na kwamba aliyesimama na mshindi atakumbukwa.

Siku mbili kabla mdogo wangu hajaja kunitembelea, alikuja karani mmoja. Ilikuwa Alhamisi. Mtu mwembamba, shati jeupe lililofuliwa mpaka kola ikachakaa, kalamu mbili mfukoni. Hakusema anatafuta chumba, na hakuketi. Alisema mkeka una vumbi. Hapo hapo nikamchukia.

"Mama," akasema, "mtu akitaja hesabu mbele ya watu, na hesabu si hiyo, marehemu mama yake anaweza kumkasirikia?"

"Hesabu ya nini?"

"Ya vitu tu. Nimeagizwa. Siwezi kukataa, nina watoto."

Nikamwona mwizi wa ofisini, mwizi mdogo wa sukari na karatasi za taipureta, anayetaka mfu amsafishe. Mikono yake ilikuwa inazichezea zile kalamu, anazitoa, anazirudisha. Siku nyingine ningemwacha aseme yote. Siku hiyo nilikuwa nafikiria vumbi la mkeka wangu.

"Mama yako alijua kuhesabu?" nikamuuliza.

"Hapana."

"Basi atajuaje?"

Hakucheka. Alisema jambo lenyewe ni Jumatatu, upande wa ziwa, na kwamba tangu aagizwe hajalala. Mimi nilikuwa nimeshasimama kumfungulia mlango. Nikamwambia akachinje kuku mweupe, na alipokwisha kutoka nikamwiga mbele ya majirani, jinsi alivyosimama na kola yake, tukacheka sana pale bombani.

Jumamosi mdogo wangu akaja. Alileta kipande cha mbuta kwenye gazeti, akakaa jikoni huku nikikoroga maharagwe. Hakuwahi kuniuliza habari za kazi yangu hata siku moja. Yeye alikuwa mtu wa kanisa, na alinipenda pamoja na kazi yangu, bila kuitaja. Siku hiyo alizungukazunguka, akauliza habari za kodi, za mvua, mwisho akasema:

"Nyamera, sikuja kusalimia tu. Nataka uniulizie. Nisimame nyuma ya nani?"

Nyamera ni dada yangu, kwa lugha yetu. Nilimsikia vizuri. Hata mwiko sikuuweka chini.

"Ufuo mzima unamfuata nani?"

"Mwalimu."

"Sasa kwani unataka mfu atoke kaburini aje akuambie kitu ambacho kipofu anakiona? Simama na Mwalimu."

"Chifu ni wa Mheshimiwa."

"Chifu ana kichwa kimoja. Watahesabu vichwa."

"Nikikosea kibanda kimeenda, na yule msichana atatoka shule. Uniulizie tu, dada. Mara moja."

"Hukosei. Kula maharagwe."

Akala. Alipomaliza aliosha sahani yake na yangu, akanishukuru.

Jumatatu nilipanda gari kwenda kule Asembo Bay, nikajiambia namsindikiza mdogo wangu. Ukweli nilitaka kuwaona wale wateja wangu wawili, kila mmoja na ushindi wake mfukoni. Foleni zilipangwa kwenye uwanja wa mpira. Ya Mwalimu ilizunguka goli la kwanza, ikazunguka la pili, ikatoka nje ya uwanja mpaka kwenye nyavu zilizoanikwa dagaa wa omena. Ya Mheshimiwa ilikuwa na askari wa chifu, wakwe zake, walevi wachache walioamshwa, na mzee mmoja ambaye nadhani alipotea. Mtoto wa chekechea angezihesabu. Mdogo wangu alikuwa katikati ya ile ndefu, amevaa gauni lake la Jumapili, akanipungia mkono. Nilifurahi, nakiri. Nilifurahi kwa kuwa nilichosema kilikuwa sahihi.

Kisha karani akatoka chini ya kivuli cha darasa na daftari lake. Nilimjua kwa kola. Alipita kwenye foleni ndefu akigusa hewa kwa kalamu, akapita kwenye fupi, akarudi mezani alikokaa chifu. Akasoma. Mheshimiwa alikuwa amemshinda Mwalimu, na si kwa wachache.

Watu walicheka kwanza, wakidhani maskini amechanganya majina. Mtu akampigia kelele asome tena. Akasoma tena, vilevile, macho yakiwa daftarini, na askari wakasogea na marungu yao. Ndipo kicheko kikaisha. Mimi nilikuwa nimeshikilia mti wa goli, na maneno yake ya Alhamisi yakaanza kunirudia moja moja: mbele ya watu, nimeagizwa, Jumatatu, upande wa ziwa. Yule mtu alikuwa ameniletea matokeo mpaka mlangoni, siku nne kabla, akayaweka mkononi mwangu. Sikuhitaji mizimu. Nilihitaji kunyamaza tu na kumwacha amalize. Kisha Jumamosi ningemwambia mdogo wangu asimame na walevi, aone aibu siku moja, abaki na kibanda chake.

Mwezi haukuisha. Kibanda kilipewa shemeji wa Mheshimiwa, mwanamke ambaye hakuwahi kupasua samaki tumbo maishani mwake, akakigeuza kuwa duka la soda. Binti akatoka shule, na mwaka uliofuata akaolewa na mtu mwenye umri wa mjomba wake. Mdogo wangu alikuja na wale watatu waliobaki mpaka Kisumu. Alianza kukaanga mgongo wazi kando ya barabara, ile mifupa ya mbuta inayobaki viwandani wakishakata minofu ya kupelekwa ng'ambo. Hakunilaumu. Alinisalimia vizuri, aliuliza afya yangu, na hakuwahi tena kuingia jikoni kwangu. Nami nikaendelea na kazi. Nilijiambia makosa ni ya karani, ni ya chifu, ni ya nchi.

Vikaja vyama vingi, sanduku likarudi, na wenye tai wakarudi kutafuta vyumba Migosi. Mheshimiwa naye alikuja, amenenepa, anataka baba yake amwambie ahamie chama gani. Niliketi mbele yake nikafungua mdomo nitoe ile sauti ya kizee, nikaona siwezi. Si kwamba niliona huruma. Kwa mtu kama yule, ng'o. Nilichoka tu. Nikamwambia baba hayupo leo, akaondoka akinitukana, na mimi nikafunga mlango nikaenda kwa mdogo wangu.

Nilimkuta na karai lake, watu wamepanga mstari. Nikasimama nao mpaka nikamfikia. Palepale, mafuta yakichemka, nikamwambia habari za karani: kwamba alikuja, alichosema, jinsi nilivyomfungulia mlango, na kwamba ningesikiliza ningejua. Nilitarajia alie, au anitupie kijiko. Nadhani nilitaka anitupie.

Aligeuza mifupa yake upande wa pili, pole pole, ili isivunjike.

"Sikuwaza habari za karani," akasema. "Mimi nilikuja kwako nikakuomba, na hukuacha kukoroga maharagwe. Unadharau watu, nyamera. Nilijua hivyo tangu tukiwa wadogo. Nilidhani tu mimi simo."

Mwanamke aliyekuwa nyuma yangu akauliza kama nanunua au nimesimama tu. Mdogo wangu akaninyooshea gazeti tupu la kufungia, nichague mifupa kama wateja wengine.