Utando wa Kijani Katika Sanduku la Samaki

Msomaji, univumilie. Nilisoma shule ya msingi tu, mkono wangu ni mzito, na maneno mengine nimeyaandika jinsi ninavyoyasikia.

Papa, yaani baba yangu, alikuwa mshonaji wa abakosi, zile suti zisizovaliwa na tai, hapa Kisangani. Mgeni mmoja mfanyabiashara, aliporudi kwao, alimwachia sanduku la kioo la kufugia samaki, pamoja na mashine ndogo ya kupuliza hewa majini. Papa aliliweka dukani, karibu na dirisha, akaniambia, "Hii iko kazi yako." Mimi niliyeona haya hata kumsalimu mteja, nikapata kitu cha kusifiwa bila kufungua mdomo.

Ndipo akaja mtoto wa tonton, ndugu wa papa, kutoka Isangi. Alijua kutega samaki wadogo wenye mistari, akawatia sandukuni, na alijua kuongea. Kila mteja aliyekuja kupimwa nguo, yeye alimkatia kipande cha kwanga, ule mkate wetu wa muhogo, akimwita citoyen, yaani mwananchi.

"Citoyen, umeingia kwa watu mikono mitupu? Wape basi wakule!"

Mteja alicheka, akatupia kwanga majini. Haukupita muda wateja wakaanza kusema "samaki wa yule kijana wa Isangi". Nilikuwa nimesimama hapo hapo na ndoo yangu.

Kisha maji yakaharibika. Utando wa kijani, mzito, ulifunika mawe na mchanga, ukateleza kama makamasi na kunuka kama tope. Niliufyonza kwa mpira wa maji, nikabadilisha maji. Kesho kutwa yake ulikuwa umerudi.

"Mutoto," papa aliniambia, "kama kazi imekushinda, nitamupa ndugu yako."

Kwa aibu tu, wateja wasione uchafu ule, nilichukua kikwembe cha mama nikafunika sanduku lote.

"Umewafanyia matanga?" ndugu yangu akauliza. Duka zima likacheka.

Siku tatu hakuna aliyewaona samaki, wala aliyewatupia kwanga. Siku ya nne nilipofunua, utando ulikuwa umenyauka, unabanduka wenyewe vipande vipande. Niliufyonza, nikaongeza maji safi, nikawalisha kidogo sana. Haukurudi. Hapo nikaelewa: kiza kiliudhoofisha, lakini kilichokuwa kikiulisha ni kwanga iliyobaki na kuoza chini.

Sikumwambia mtu. Ndugu yangu ndiye aliyesimulia. "Tuliwafunika siku tatu, citoyen, kama bibi harusi!" Ile "tuliwafunika" iliniuma kuliko matusi. Papa alimpiga begani kwa furaha, na siku hiyo hiyo akamkabidhi sanduku. "Yeye anajua kueleza watu," aliniambia, bila ubaya.

Kwanga ikaanza tena, na utando ukarudi. Ndugu yangu akafunika kwa kikwembe kile kile, lakini kila mteja alipoingia aliinua pembe.

"Hata mwenye matanga anakula," alisema, akawatupia kipande.

Nilikuwa naona. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, na safari hii si haya iliyonizuia. Nilitaka maji yaoze mikononi mwake.

Yalioza. Alipofunua siku ya nne, samaki wake wote wenye mistari walikuwa wakielea ubavu. Hakufanya mzaha. Aliwatoa mmoja mmoja kwa kiganja, akaniuliza polepole, "Ndugu, mimi nilikosea wapi?"

Nikamjibu, "Sijui."

Papa alinirudishia sanduku kabla ya jioni. Nililiosha, nikatia samaki wengine, nikaomba wateja, kwa sauti ndogo, wasitupe chochote majini, na maji yakabaki safi. Wakaanza kusema "samaki wa huyu kijana". Nilipata nilichokitaka, na kila waliposema hivyo niliangalia chini.

Ndugu yangu alirudi Isangi bila kujua. Wewe unayesoma, kama una ndugu uliyemwonea wivu, niandikie, hata mistari miwili: ulimwambia ukweli, na ulianzaje? Nasoma polepole kama ninavyoandika, lakini nitasoma yote.