Nakala za Bosi

Leo bosi ameniagiza nimwekee nakala ya kila barua pepe ya ofisi, bila wenzangu kujua.

Mimi ni mwanahabari, lakini seva ya barua pepe ya gazeti letu dogo hapa mtaani Parklands naisimamia mimi.

"Kuna watu wanaotupa habari kwa siri," nikamwambia. "Wakijulikana, wataumia."

"Seva ni yangu, Achieng. Weka!"

Nikaweka. Ila kwanza niliwatangazia wenzangu wote kwamba bosi atasoma kila barua, na wale watu wa siri tukawaambia wasituandikie kwa barua pepe.

Kufikia mchana kila barua, hata ya kuitisha majani chai, ilianza: "Mkubwa, habari ya leo? Watoto hawajambo?"

Akanipigia simu. "Toa hiyo kitu!"

Nimetoa. Akiitaka tena, nitatangaza tena.

Na nyinyi, barua pepe zenu zinasomwa na nani?