Beatha, Aliyetaka Kukutanisha Watu

Lushoto mjini kila mtu anamjua Beatha. Mwenye cheti kinachotaka nakala, mwanafunzi anayetuma maombi ya chuo siku ya mwisho kama ilivyo kawaida yao, bibi ambaye simu yake imejaa picha za wajukuu mpaka imegoma kufanya kazi, wote huishia kwenye steshenari yake karibu na stendi. Wanamwita dada wa kompyuta. Wanamshukuru, wanamtania kuhusu kuolewa, wanaondoka. Na akishafunga duka jioni, hana hata mtu mmoja wa kumpigia simu amwambie tu kwamba leo amechoka.

Jambo hilo lilimuuma, tena lilimtia aibu. Kukosa mume ni habari watu wanaweza kuizungumza. Kukosa rafiki, na umeshatimiza miaka thelathini, katika mji unamosalimiana na watu mpaka mdomo unakauka, utamwelezaje mtu?

Alizaliwa kijijini Mgwashi, akasomea kompyuta Dodoma, akafanya kazi Dar es Salaam. Kisha mama yake akateleza shambani akaumia nyonga, na Beatha akarudi milimani kumuuguza. Mama alipopata nafuu alikataa katakata kukaa mjini, akarudi Mgwashi na fimbo yake. Binti akabaki Lushoto na duka lake. Wasichana aliokua nao hakuwakuta: Evelina kaolewa Muheza, Secilia yuko Arusha na watoto watatu. Jumapili, ibada ikiisha, watu husimama nje ya kanisa kwa mnada wa mazao yaliyotolewa sadaka. Beatha hununua kabichi karibu kila wiki, kwa sababu kwenye mnada watu wanacheka pamoja, naye anacheka nao. Halafu kila familia inashika njia yake, na yeye anarudi chumbani na kabichi kubwa ambayo mtu mmoja hawezi kuimaliza.

Siku moja akaingia dukani Glory, muuguzi mgeni kutoka Moshi, kuchapisha barua. Wakati mashine inajikuna na kutoa karatasi, Glory akauliza, kama mtu anayeuliza njia ya kwenda sokoni, "Dada, hapa mtu akitaka kupata marafiki anafanyaje?"

Beatha alicheka. Lakini jioni ile ile alifungua kompyuta akaanza kutengeneza programu ya simu, akaiita Tuonane.

Aliifikiria sana, na tusimnyime sifa zake. Hakuweka sehemu ya kuchati, maana watu wangechati mpaka wazeeke bila kuonana. Hakuweka picha, wasije wakachagua sura. Na umri aliufuta kabisa, kwa maana alitaka watu wakutane wakiwa sawa, asiwepo mkubwa wala mdogo. Hilo la umri alijivunia kuliko yote. Mtu anajiandikisha, na Jumamosi simu inamwambia nenda mgahawa fulani, saa kumi, utawakuta wenzako. Vijana walijiandikisha wengi kuliko alivyotarajia. Jina lake mwenyewe hakuliandika.

Jumamosi ya kwanza alikwenda mgahawani akakaa pembeni na chapati yake, akijifanya hana habari. Akaja Kristian, afisa misitu, mwenye kipara kilichomuwahi na ndevu nzito. Akaja Mbaraka, mkulima wa karoti wa bondeni, mwembamba, uso wa kitoto. Akaja Glory.

Sasa, huku milimani salamu haina mchezo. Mtu aliyelelewa hawezi kuketi mbele ya mwenzake kabla hajajua nani anamwamkia nani. Mbaraka akasimama. Akakitazama kile kipara, akazitazama zile ndevu, akaona bora apate lawama ya kuzidisha heshima kuliko ya kuipunguza.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba," alijibu Kristian. Mdomo ulimtangulia, umezoea wanafunzi wanaokuja kuomba miche.

Wakaagiza chai. Maongezi yakaanza kuchangamka, mpaka Glory alipouliza, bila ubaya wowote, nani alimaliza kidato cha nne mwaka gani. Mbaraka akataja wake. Kristian akakitua kikombe bila kunywa, maana mwaka huo yeye alikuwa bado shule ya msingi. Amepokea shikamoo ya mkubwa wake, tena mbele ya watu. Alimlipia kila mtu chai, akakumbuka ghafla kwamba miche yake haijamwagiliwa, akaondoka bila kumtazama Mbaraka usoni. Mbaraka naye alibaki amejikunyata kana kwamba amemtegea mwenzake mtego.

Beatha alirudi nyumbani amekasirika, akarudisha umri kwenye programu. Haikusaidia. Jumamosi zilizofuata salamu zilikwenda sawa, lakini mikutano ikageuka vikao vya ukoo: mkubwa anaongea, wadogo wanaitikia ndiyo kaka, ndiyo dada. Na msichana mmoja aliyeonekana akinywa chai na kijana asiye na undugu naye, chai haijapoa shangazi yake alishapiga simu kutoka Soni kuuliza posa italetwa lini. Watu wakaanza kuifuta Tuonane kwenye simu zao.

Wiki hiyo hiyo mama alipiga. Viazi vimekomaa, mvua iko karibu, yeye hawezi kuinama.

"Nitatafuta vibarua, mama," Beatha alisema.

"Vibarua." Mama alilirudia neno polepole. "Haya, mwanangu."

Beatha alielewa uzito wa neno lile. Kwao kazi kama hiyo huitiwa ngemo: mwenye shamba anawaalika watu, wanakuja na majembe, anawapikia, na siku wao wakiita naye anakwenda. Vibarua huajiriwa na asiye na watu. Mama yake enzi zake akiita ngemo, shamba lilijaa mpaka wengine wakakosa mstari wa kulima. Sasa majirani wa rika lake wamezeeka au wamekufa, na watu wa kuitwa ilibidi wawe wa binti. Binti hakuwa ameenda kwenye ngemo ya mtu yeyote. Angemwita nani?

Kesho yake Glory alikuja tena dukani. Beatha, bila kuulizwa, akaanza kumweleza kwamba programu inakufa, kwamba ataifunga, kwamba watu wa huku ni wagumu.

Glory alimsikiliza hadi mwisho. "Na wewe umo?"

"Mimi ndiye niliyeitengeneza."

"Hilo najua. Nakuuliza kama umo."

Beatha alishika kalamu, akaiweka. Akasema hayumo. Glory alichukua karatasi zake akaaga, na Beatha alikaa nyuma ya meza yake akijionea huruma na hasira kwa pamoja. Alikuwa amewatuma watu wazima wakakae uso kwa uso na wasiowajua, jambo ambalo yeye mwenyewe hakuthubutu, akajibanza pembeni na chapati. Sasa anawaita wagumu.

Alifungua Tuonane, akajiandikisha kama mtu mwingine yeyote. Kisha akawaandikia wote waliobaki: "Naitwa Beatha wa steshenari. Mama yangu ana viazi vya kuchimba Mgwashi, Jumamosi. Sina mtu. Chakula kitakuwepo." Neno la "Sina mtu" alilifuta, akalirudisha, akabonyeza kutuma kabla hajabadili nia.

Jumamosi asubuhi alikuwa peke yake shambani na jembe la mama. Mama jikoni alikuwa amepika makande ya kulisha kijiji, na kuku alikuwa ameomba jirani Mwislamu amchinje, ili atakayekuja asipate shaka ya kula. Beatha alilitazama lile sufuria kubwa akatamani asingemwambia mama chochote. Akachimba mstari mmoja. Akachimba wa pili. Barabarani hapakupita ila ng'ombe.

Ndipo pikipiki ikasikika ikipanda mlima. Alikuwa Mbaraka, amempakia Glory na majembe mawili.

"Pole na kazi," walisema kutoka ukingoni mwa shamba.

"Asante. Karibuni."

Na wakaingia. Anayefanya kazi huambiwa pole na mkubwa na mdogo, kwa neno lile lile, na kazi inaendelea. Baadaye wakaja wasichana wawili wa ushonaji, ambao Beatha aliwajua kwa majina ya kwenye programu tu. Jua lilipokuwa juu akatokea Kristian, amevaa buti za msituni, amebeba sepetu. Alisimama ukingoni akisitasita.

"Poleni na kazi."

"Asante," Mbaraka alimjibu. "Shika mstari huu hapa, mimi natangulia, wewe unaokota."

Kristian akaokota. Walichimba wameinama, macho kwenye udongo, na maneno yakawatoka kwa urahisi kwa sababu hakuna aliyekuwa anamkodolea mwenzake. Mbaraka alisimulia lori la karoti lililomkwama kwenye kona za kushuka Mombo. Glory alisema amelia kwa kukumbuka nyumbani mara nyingi kuliko wagonjwa wake wanavyolia sindano. Beatha akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Mimi nilirudi hapa nikadhani nitawakuta wenzangu, sikumkuta mtu." Glory akamrushia kiazi kidogo begani, wakaendelea.

Walipokwisha kunawa wakaketi uani kwenye mikeka, wakala, wakabishana wiki ijayo ni zamu ya shamba la nani. Beatha akaingia jikoni kuwamiminia chai. Mama aliwachungulia mlangoni, ameegemea fimbo.

"Ni wateja wako hawa?"

"Hapana, mama." Akakusanya vikombe mkononi. "Ni rafiki zangu."

Mama akazitazama zile sahani tupu na yale majembe yaliyoegemezwa ukutani. Kisha akageukia vikombe vilivyokuwa mkononi mwa binti yake.

"Rafiki zako unawapa chai ya rangi?" alisema. "Maziwa yapo."