Safari ya Mvumi Kupokea Sifa Isiyo Yangu

Nilisafiri kwenda Dodoma kwa sababu ya kadi. Iliingia kwenye simu yangu nikiwa nyumbani Morogoro, ina maua pembeni, ikinialika mimi, Mwalimu Anselmi, mstaafu, kwenye uzinduzi wa uwanja wa mpira wa kikapu katika shule ya msingi niliyofundisha zamani, nje kidogo ya Mvumi. Uwanja umejengwa na Debora Ndahani, binti wa pale pale, ambaye sasa anacheza kwa kulipwa huko Ulaya na sura yake imebandikwa hata kwenye chupa za maji ya kunywa. Chini ya jina langu waliandika: Mwalimu Aliyeibua Kipaji.

Niliisoma mara tatu. Kukutana na kipaji cha Debora nilikutana nacho, hilo halina ubishi. Alikuwa darasa la sita, ananizidi kimo, amesimama pekupeku kando ya uwanja wetu wa udongo pamoja na wenzake, wanaomba kuingia. Niliwaambia kikapu ni cha wavulana na cha wenye viatu. Waende netiboli, na kama hawataki netiboli wakachote maji. Walipong'ang'ania nikawaonyesha fimbo. Huo ndio uibuaji nilioufanya.

Lakini mtu akishaliona jina la mwanafunzi wake gazetini, ulimi hauna breki. Nilianza kwa kusema, "Nimemfundisha." Mwaka uliofuata ikawa, "Nilimwona mapema." Kisha kwenye harusi ya jirani nikajisikia nikisema, "Mimi ndiye niliyemshikisha mpira." Maneno hayo yalitangulia kufika Mvumi, yakapokelewa vizuri, yakaandikiwa kadi.

Mke wangu, Mama Upendo, alikuwa anachambua mchicha nilipomwonyesha.

"Utakwenda?" akauliza.

"Si vizuri kukataa mwaliko wa watu."

"Haya," akasema, akarudi kwenye mchicha wake. Jioni alinipigia suti pasi.

Saa kumi na mbili asubuhi basi liliondoka Morogoro. Nilikuwa nimekaa dirishani na daftari mapajani, naandika hotuba. Tulipofika Dumila ilikuwa na ukurasa mzima kuhusu jicho la mwalimu. Tulipopanda Gairo, kwenye baridi, aibu ilinishika nikafuta nusu. Pale Kibaigwa basi liliposimama nikanunua karanga, na sijui ni kwa sababu ya karanga au ya jua, nikaandika sentensi mpya nzuri zaidi kuliko zote nilizofuta. Kuanzia hapo nchi ikafunguka: tambarare kavu, mashamba yaliyovunwa zamani, upepo unaburuza vumbi kama mtu anayefagia nyumba isiyo yake.

Saa sita mchana tuliingia Dodoma. Wageni waliotoka mbali tulipangiwa kulala Ipagala, kwa mama mzazi wa Debora, katika nyumba ambayo binti amemjengea. Niliitambua kabla ya kuuliza. Milango yake ilikuwa mirefu kuliko ya majirani, na ilieleweka ilipimwa kwa kimo cha nani.

"Mbukwa, mwalimu," Mama Debora alinisalimu kwa Kigogo, halafu akaendelea kwa Kiswahili. "Karibu. Wewe ni wa nne."

"Wa nne wa nini, mama?"

"Wa kumwibua. Mmoja ni mheshimiwa, mmoja alikuwa mtendaji wetu wa kijiji, mmoja ana duka mjini. Sasa na wewe. Nawa mikono."

Alikuwa amesonga ugali wa uwele na kupika mlenda. Nikala nimeinamisha kichwa. Alinisimulia bila kuombwa, kama mtu aliyechoka kusikia wengine wakimsimulia maisha yake.

Baba yake Debora alikwenda kutafuta malisho akafuata ng'ombe hadi akasahau njia ya kurudi. Uwele ukakauka shambani misimu miwili mfululizo. Mama akahama na watoto, wakapanga chumba kimoja hapa Ipagala, akawa anafua nguo za wanafunzi wa chuo kule Chimwaga. Debora alimsaidia kubeba beseni. Jirani na kamba za kuanikia palikuwa na uwanja wa kikapu. Nguo zikiwa zinakauka, binti anaingia kucheza na wanafunzi.

"Tatizo lilikuwa upepo," akasema. "Upepo wa huku unakausha shati mtu hajamaliza hata kukaa. Debora akaniambia, mama, chukua mablanketi. Chukua jinzi. Nikadhani ananitafutia kazi zaidi, nikamsifu. Kumbe jinzi zinachelewa kukauka."

"Nani alimfundisha?"

"Hata sijui. Mimi nilikuwa nafua."

Akiwa na miaka kumi na mitano, timu ya wageni ilikuja Chimwaga ikapungukiwa mchezaji mmoja. Wakamwazima viatu, akaingia, na mechi ilipokwisha kocha wao alimfuata mama penye beseni, akamwomba amruhusu binti aende kusoma. Ndiyo ikawa shule ya Dar es Salaam kwa ufadhili, kisha chuo cha nje, kisha mkataba kabla hajafikisha miaka ishirini. Katika habari hii yote nilisubiri mahali ambapo mwalimu anaweza kuchomekwa. Hapakuwa na nafasi hata ya kupitisha sindano.

Asubuhi iliyofuata, saa mbili, tulipanda koasta ya wageni kwenda Mvumi. Niliketi na Bwana Hasmukh, mzee wa duka la vifaa vya michezo mjini, ambaye familia yake iko Dodoma tangu enzi za babu yake. Kadi yake ilimtaja kuwa Mfadhili wa Kwanza. Alikuwa ameishika kwa ncha za vidole.

"Mwalimu, mimi nilimuuzia mpira," aliniambia kwa sauti ya chini. "Niliuza tu. Bei ya kawaida. Niliwapigia simu kuwaambia, wakasema niache unyenyekevu."

"Na utasema nini ukiitwa?"

"Nitasema asanteni na kukaa. Wewe?"

Nikatazama nje. Barabara ilikuwa na vumbi jekundu na mbuzi wasio na haraka.

Saa tatu na nusu tulifika shuleni. Uwanja ulikuwa mzuri kweli: saruji laini, rangi ya buluu na kijani, ringi mpya zenye nyavu nyeupe. Kuuzunguka palikuwa na uzio wa waya, na kwenye lango la uzio kufuli kubwa. Watoto wa shule walikuwa nje, pekupeku, vidole vimeshika waya. Kando ya lango palikuwa na ubao wa kanuni. Ya kwanza ilisema: Hairuhusiwi kuingia bila viatu vya michezo.

Mkuu wa shule, kijana mchangamfu, alinifuata mbio. "Shikamoo mwalimu. Umeziona kanuni zetu? Ni zako. Tulizikuta kwenye faili lako la michezo, tukaona tuzienzi."

"Marahaba," nikasema.

Kuanzia saa nne zilianza hotuba, na hotuba ziligeuka mashindano ya kumfukarisha Debora. Mtendaji wa zamani alisema binti huyu alilalia ngozi ya mbuzi. Mwingine akasema alikula mlo mmoja kwa siku. Mheshimiwa, ambaye ndiye aliyekuwa mgeni rasmi, hakukubali kushindwa: akasema mtoto huyu hakuwa na baba wala mama, alilelewa na kijiji. Mama Debora alikuwa amekaa mstari wa mbele, kilemba kipya kichwani. Alimgeukia Bwana Hasmukh akamwuliza taratibu, "Na mimi hapa ni nani?"

Debora mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kiti kifupi, magoti yamefika kifuani, anasikiliza maisha yake kwa adabu.

Nikaitwa. Nilishika kipaza sauti, daftari langu likiwa mfukoni. Nilimtazama Debora na yeye akanitazama kama mwamuzi anayesubiri aone mguu umevuka mstari au haujavuka. Ile sentensi ya Kibaigwa ilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Nikaimeza.

"Mimi sikumwibua," nikasema. "Nilimfukuza. Alikuja kuomba kucheza hapa hapa, nikamwonyesha fimbo kwa sababu hakuwa na viatu."

Nilisikia bendera ikipiga mlingoti. Kisha mshereheshaji akanichukulia kipaza sauti kwa upole, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu.

"Mmesikia hekima hiyo?" akasema. "Alimfukuza makusudi, ili kumtia hasira ya mafanikio. Hiyo ndiyo saikolojia ya walimu wa zamani. Makofi kwa mwalimu."

Walipiga makofi kuliko waliyompigia mheshimiwa. Nilijaribu kusema tena, muziki ukawashwa. Nikavikwa shada shingoni na kupewa cheti ndani ya fremu. Bwana Hasmukh aliitwa baada yangu, akasema asanteni, akakaa.

Saa nane mchana ulifika wakati wa chakula. Mheshimiwa alikuwa ameshaondoka kuwahi kikao. Debora alikuja nilipokaa, akainama kidogo.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nisamehe."

"Mimi nilishakusamehe zamani. Mambo yangu yalinyooka, kusamehe kukawa rahisi." Alivuta kiti. "Lakini siku ile sikuja peke yangu. Tulikuwa watatu. Mmoja alihama na wazazi wake, sijui yuko wapi. Mwingine ni Perusi. Perusi alikuwa ananizidi, mwalimu. Ananizidi mbali. Mimi nilikuwa namfuata nyuma."

"Yuko wapi?"

Aliinua kidevu kuelekea kwenye masufuria. Mwanamke mrefu, kitenge kimefungwa kiunoni, alikuwa anapakua pilau. Alikuwa amekwisha kunipakulia mimi, na nilikuwa nimetazama nyama tu.

Nilikwenda na sahani yangu mkononi, sijui kwa nini sikuiacha. Alinisalimu kwa heshima, nikaitikia.

"Perusi, Debora ananiambia ulikuwa hodari wa kikapu."

"Nilijaribu kidogo, mwalimu. Halafu ulituambia tukachote maji, nikaenda kuchota." Aligeuza pilau kwa mwiko. "Nikuongezee?"

Alisema bila ubaya. Nadhani ningevumilia zaidi kama ungekuwepo ubaya. Akanionyesha binti yake, miguu mirefu, kati ya watoto waliokuwa bado wameshika waya wa uzio.

Debora alikuwa amenifuata. Alimwomba mkuu wa shule afungue lango watoto wacheze. Mkuu akapapasa mifuko yote miwili, akasema ufunguo alikabidhiwa mgeni rasmi kwa heshima ya kufungua, na mgeni rasmi ameondoka nao.

"Basi tutafungua upande mwingine," Debora akasema. "Perusi, njoo."

Perusi aliweka mwiko chini, akafuta mikono kwenye kitenge. Wakasimama upande wa bawaba, wanawake wawili walioongoza kwa urefu mahali pote pale, wakalishika lango chini na juu, wakalinyanyua likachomoka. Kufuli likabaki limening'inia, likifanya kazi yake vizuri. Watoto walimiminika ndani na nyayo zao zikaacha alama za vumbi kwenye ile rangi ya buluu. Mkuu wa shule alifumba macho.

Mpira mmoja ulibingirika hadi miguuni pa Perusi. Aliuokota. Aliudundisha mara mbili, polepole, kisha akauzungusha mikononi akiutafuta mshono kwa vidole, akatazama ringi. Magoti yake yalianza kukunjika.

"Dada," sauti ikaita kutoka hema la wageni, "huku nyama imeisha."

Akaushusha mpira kwa uangalifu, kama yai, akarudi kwenye masufuria.

Mimi niliung'oa ule ubao wa kanuni. Haukuwa umepigiliwa sana. Mkuu wa shule aliponiuliza kama nauchukua kwa kumbukumbu, nikamwambia ndiyo. Akafurahi, akanitafutia gunia la kuufungia.

Siku ya tatu nilirudi Morogoro na mizigo miwili niliyosema ni picha. Kila abiria aliyenisemesha nilimwambia natoka msibani, ili asiulize zaidi.

Mama Upendo alinipokea, akakiona cheti, akauona ubao. Nilimweleza yote mezani: fimbo, viatu, makofi, Perusi na mwiko wake. Nilitegemea ashangae.

"Habari za wale wasichana ninazo tangu siku ile," akasema. "Ulirudi nyumbani umekasirika. Ukasema umefukuza wasichana watatu wakorofi."

"Nilikusimulia?"

"Ulinisimulia. Ukasema mmoja wao anaruka kama swala, hujawahi kuona mtoto anaruka hivyo tangu uanze ualimu. Kisha ukaomba chai."

Kwa hiyo niliona. Njia nzima ya kurudi nilijipa kisingizio kwamba jicho langu lilikuwa bovu, kwamba mwalimu gani angeweza kujua. Nililojifunza katika safari hii nililijua mezani kwangu baada ya kufika: nilikuwa na jicho zuri kabisa. Niliuona mruko ule nikaustaajabia, nikaupeleka kisimani. Debora aliniponyoka. Wengine, kwa miaka thelathini ya kazi, walinitii.