Kinyago cha Kopo la Mafuta

Jicho langu la kushoto lilipigwa na mpira siku ya mazoezi, na kuanzia hapo nyumbani kwetu hapakuwa na habari nyingine. Nilikuwa kipa wa timu ya wasichana ya mpira wa mikono, shule ya msingi, huko Ngara, miaka ile ya wakimbizi. Asiyeujua mchezo huo aelewe hivi: wewe umesimama golini, mtu anakuja mbio, anaruka, anakurushia mpira kwa nguvu zake zote akiwa karibu kiasi cha kumwona meno. Mimi nilipigwa nikiwa nimekodoa macho. Jicho likavimba, likafunga, na lilipofunguka lilikuwa na damu ndani. Upande ule vitu nikawa naviona kama viko jikoni wakati kuni mbichi zinafuka.

Mganga wa zahanati alinimulika kwa tochi, akakunja uso. "Likipigwa tena hili, litakufa," akamwambia mama. "Msije kunililia hapa." Njiani mama alinishika mkono kwa nguvu, kana kwamba jicho lingedondoka barabarani.

"Umesikia? Mpira kwisha. Nani atakuoa na jicho moja?"

Nilitaka kumwambia kwamba yeye aliolewa na macho yake mawili mazima, na bado mume akaenda zake Mwanza asirudi. Lakini siku hizo meno yangu nilikuwa bado nayapenda, nikanyamaza.

Usifikiri sikuogopa. Niliogopa mno. Usiku nililala na kiganja juu ya jicho, na asubuhi kitu cha kwanza nilikuwa nafumba lile zima ili nione kama bovu bado lipo. Lakini nilikuwa na hasira pia, maana mechi ya kambini ilikuwa inakaribia. Kambi ya wakimbizi ya Benaco ilikuwa ng'ambo ya kilima chetu, na kati yetu na watu wale mambo yalikuwa yameharibika. Miti ya kilima ilikwisha kwa kuni. Ndizi zilikatwa shambani, mbuzi wakapotea, na kila kilichopotea tulijua amekichukua nani, hata kama hatukumwona mtu. Wakubwa wakakaa, wakaamua watoto wacheze pamoja ili wazazi wapoe. Wasichana wa kule walijifunza mpira wa mikono nyumbani kwao Rwanda na walikuwa wakali. Na mtu pekee wa kusimama golini badala yangu alikuwa msichana aliyeukwepa mpira kama anayekwepa nyuki.

Hapo ndipo ilipokuja ile sinema. Dada mmoja wa Kizungu aliyefanya kazi kambini alikuwa amepanga nyumba karibu na shule. Jumamosi moja mchana akaleta televisheni, deki ya video na jenereta, tukaziba madirisha ya darasa la saba kwa mablanketi. Mwalimu wa michezo akasimama mbele kutafsiri. Mama naye alisimama mlangoni, maana wiki zile alinifuata kila mahali, nikaona aibu mpaka nikazoea.

"Huu ni mpira wa magongo," mwalimu akatangaza.

"Gongo?" mama akapaza sauti kutoka mlangoni. "Mwalimu, mnawaonyesha watoto gongo?"

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu, aliyekuwa hanywi hata togwa, akaanza kutoa jasho. "Magongo, mama! Magongo! Fimbo!"

"Na fimbo ndiyo nafuu?"

Basi tukaangalia. Kijana mmoja mwembamba wa nchi za baridi anacheza juu ya ziwa. Tulibishana sana juu ya ziwa lile. Mwalimu alisema maji yameganda yakawa barafu, na mtu anaweza kusimama juu yake. Yakagandaje, tukauliza. Akafikiri, akasema yameshika kama kiporo cha ugali, na hapo tukamwelewa. Wachezaji walivaa viatu vyenye visu chini, wakateleza, wakagombania kitu kidogo cheusi kama kopo la kiwi. Kijana yule anakataliwa na timu, baba yake anamkaripia, anaanguka, anainuka, anaanguka tena. Wenzangu walimlilia kweli kweli.

Mimi sikumlilia. Mimi nilikuwa namtazama kipa. Katika sinema ile kipa hakuwa mtu wa maana, nadhani hata neno hakupewa. Alikuwa amefungwa magodoro mwili mzima, na usoni alikuwa na kitu kama dirisha la nondo. Kile kitu cheusi kikaja, kikampiga usoni, paa! Akatikisa kichwa, akaendelea na kazi. Mungu wangu! Nikasimama katikati ya watu, nikamgeukia mama. Naye alikuwa ameona. Tulitazamana juu ya vichwa vya darasa zima, na kwa mara ya kwanza tangu kwa mganga sikuona hasira usoni mwake.

Pale sokoni palikuwa na fundi wa vibatari, mzee aliyetumia makopo ya mafuta ya kula ya msaada. Tulimpelekea mkungu wa ndizi. "Shikamoo, baba," nikasema, nikamchorea chini kwa kijiti ninachotaka. Akauliza kama ni cha kufukuzia nyani. Akakata bati, akatoboa matundu ya macho na kuyawekea vipande vya bati kupita katikati, akazungushia mpira wa tairi la baiskeli pembeni lisinichane, na mwingine wa kufungia kisogoni. Nikakivaa pale pale. Mama akaokota kiazi kitamu kwenye kikapu chake, akanirushia usoni bila hata kunionya.

"Umeumia?"

"Sijaumia."

"Apa."

"Haki ya Mungu."

"Sasa apa kwamba hutakivua uwanjani. Kiwashe, kichome, hukivui."

Nikaapa. Kizunguzungu cha kile kiazi kilikuwa bado kinanizunguka.

Siku ya mechi tulikwenda kwa miguu. Mama, ambaye siku zote alisema hatatia mguu kwenye kambi ile, alikuja nyuma yetu kimya. Toka juu ya kilima uliona turubai za bluu mpaka zinakuchosha, na moshi wa maelfu ya mafiga. Kila lori lililopita na chakula lilinishtua. Nilikishika kinyago kwa mikono miwili, na wenzangu, waliokuwa wamekicheka wiki nzima, siku ile hawakukicheka.

Uwanja ulikuwa vumbi tupu, magoli ya miti ya mikaratusi, na watu wamejaa pande zote. Nikakivaa. Nilitegemea wacheke, nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko. Hakucheka mtu. Makelele yalishuka, yakashuka, mpaka nikasikia pumzi zangu ndani ya bati. Mtoto mdogo akalia, akabebwa akaondolewa. Mimi nikadhani wamesikia sifa zangu. Ujinga gani!

Kwao kulikuwa na msichana mmoja mrefu, nywele zimekatwa chini kabisa, mashoto. Huyo ndiye aliyenitesa. Alikwishagundua kwamba upande wa kushoto sioni vizuri, kila mpira akautupa huko huko, juu. Miwili iliingia. Mmoja ulinigonga bati la uso, kichwa kikalia kama kengele ya shule, lakini jicho likabaki salama, na nyuma ya goli nikamsikia mama: "Hivyo hivyo, mwanangu! Simama hivyo hivyo!" Alipiga kelele mechi nzima, sauti imemkauka, hajali anatazamwa na nani.

Mwishoni tulikuwa tunaongoza kwa bao moja tu. Beki wetu akamvuta yule mashoto nguo, refa akapiga filimbi: penalti. Mashoto akauchukua mpira, akasimama kwenye mstari. Mimi na yeye, basi. Filimbi ikalia. Hakurusha.

Refa, mwalimu wa kule kambini, akapiga tena. Hakurusha. Kisha akasema jambo kwa lugha yao, na sikuhitaji mkalimani, maana lugha yao na Kihangaza chetu ni ndugu.

"Avue kile kitu. Simrushii mtu nisiyemwona uso."

Damu ikanipanda. "Nikivua nikapofuka, utanipa jicho lako?"

"Waliokuja kwetu kule Rwanda walijifunika uso," akasema. Hakupaza sauti. "Sitaki kumwona mwingine."

Sikuuliza ni akina nani, wala walikuja kufanya nini. Watu pembeni walikuwa wanatazama chini. Refa akanisogelea, akasema taratibu, "Mwanangu, hakuna sheria inayokulazimisha. Usipotaka, baki nacho, nitampa mwingine arushe." Na nyuma yangu mama: "Usithubutu! We mtoto, uliapa! Uliapa!"

Ningebaki nacho. Nawaambia ukweli, nilikuwa nimeamua kubaki nacho. Ila nikautazama ule mpira mkononi mwake, nikaona unatetemeka. Mtu aliyenirushia mipira kama mawe tangu mwanzo, mkono wake unacheza kama wa mwenye homa. Alikuwa ananiogopa. Mimi! Mimi niliyeshindwa kumeza hata uji asubuhi ile kwa woga. Sijui kwa nini jambo hilo lilinikasirisha kiasi kile. Nikapeleka mikono kisogoni, nikafungua, nikakitupa chini nyuma ya mstari wa goli. Mama alitoa sauti ambayo sitaki kuikumbuka.

Upepo ulinipiga uso uliolowa jasho. Yule msichana akanitazama. Alilitazama jicho langu, lile jekundu, kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Nilijisemea nisilifumbe, nikilifumba nimekwisha. Filimbi ikalia.

Akajinyoosha. Mkono ukaenda nyuma juu kabisa, ule ule wa siku nzima, nami nikajua unakuja kushoto, usoni. Haukuja. Ulikuja kulia, chini, upande wa jicho zima, taratibu kiasi kwamba niliona vumbi linaruka ulipodunda. Nikauzuia kwa mguu.

Wenzangu walinirukia wakaniangusha. Tulikuwa tumeshinda. Wenzake walimfokea, mmoja akamsukuma begani, naye akasimama tu anajifuta mikono kwenye sketi. Nilitaka kumfuata. Wakati nimeinuka, watu walikuwa wameingia uwanjani, sikumwona tena.

Jioni tulipanda kilima kurudi nyumbani. Wenzangu walitangulia wakiimba. Mama alikibeba kinyago kwa ule mpira wake, kikawa kinamgonga gonga pajani. Nilingojea kipigo. Nilikuwa nimekiuka kiapo, nilistahili. Tulipofika juu, pale ambapo kambi ilionekana yote, akasimama akageuka kuitazama.

"Alikupa ule mpira," akasema.

"Najua, mama."

"Mama yake alikuwa upande gani? Nilitaka kumshukuru, nikamtafuta, sikumwona."

Nikamfikiria yule mashoto. Wenzake walikuwa wamemfokea, wamemsukuma, na hakuna mtu aliyetoka pembeni kumtetea. Mechi nzima, katika watu wote wale, nilikuwa nimemsikia mama mmoja tu akimwita mtoto wake, na mama huyo alikuwa wangu.